Kanda Niliyoleta Kutoka Kisimani

Nyinyi wa pale kwa fundi viatu mmeniuliza vya kutosha. Kila nikianza kuwaeleza, mmoja anakatiza kuuliza kama nilikula nyama, mwingine anauliza kama niliona simba, na wa tatu anataka kujua kama redio kaseti yangu imerudi nzima. Imerudi nzima. Nimeona heri niandike ili msome bila kunikatiza, na mkimaliza, tafadhali, msiniulize tena.

Baba yangu mnamjua. Mnamjua kama Mzee Galgalo wa mtaa wa Chechelesi, aliyekuwa mlinzi wa maghala, ambaye sasa anakaa mlangoni na miguu yake iliyovimba akisalimia kila apitaye mpaka mpita njia anachoka. Hamkumjua akiwa na ng'ombe. Hata mimi sikumjua. Ng'ombe wake walikwisha wakati wa vita vya shifta, wakati ambao wazee wetu wa Kiborana wanauita gaf daba, kwa kuwa kila kitu kilisimama: watu walikusanywa kambini, mifugo ikakosa malisho na maji, na mtu aliyeingia na zizi zima alitoka na fimbo mkononi. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilipopata akili tulikuwa watu wa mjini, na maziwa tulikuwa tunanunua.

Lakini ukoo wetu una kisima, mbele ya Kinna. Ni vile visima virefu vilivyochimbwa kwa mikono ambavyo kwetu vinaitwa eela. Wanaume wanasimama ndani yake, mmoja juu ya mwingine, wakipitishiana ndoo kutoka chini gizani mpaka juu kwenye jua, na kinachowafanya wasikosane mikono ni wimbo. Baada ya ule ukame mkubwa, watu walipoanza kupata ng'ombe tena, baba alisikia kwamba kisima kimezibuliwa. Alisikia pia kwamba Mzee Jillo, anayeshika zamu za maji na kuongoza wimbo, bado yuko hai. Tangu siku hiyo hakunipa nafasi ya kupumua.

"Wario, enda kisima," aliniambia. "Mimi miguu imekataa. Enda wewe usimame pale. Hii wimbo ya Jillo isipite bila sisi."

Mimi ni fundi wa redio. Mtu akinitajia wimbo, mimi nafikiria kanda. Nikamwambia, "Baba, nitakuletea wimbo wote, mwanzo mpaka mwisho, na utausikia hapa hapa kwa kitanda yako."

"Sawa," akasema. "Neno kubwa ni wewe ufike."

Nilimwona amefurahi, nami nikafurahi. Kumbe tulikuwa tumefurahia vitu viwili tofauti.

Kutoka Chechelesi mpaka kizuizini

Lori lilikuwa liondoke baada ya swala ya alfajiri. Liliondoka jua likiwa utosini. Dereva alikuwa Mutuma, Mmeru mwembamba ambaye shavu lake moja lilikuwa limejaa miraa tangu asubuhi, na mzigo ulikuwa sukari na majani ya chai ya Mama Saadia. Mama huyo ni Msomali wa hapa hapa mjini, mzaliwa wa Isiolo, mtoto wa mzaliwa wa Isiolo. Yeye alikaa mbele na dereva. Mimi nilipanda juu ya magunia pamoja na mbuzi dume mmoja ambaye mmiliki wake sikumjua mpaka mwisho wa safari.

Tulikuwa hatujamaliza hata nyumba za mji, lori likasimama. Mama Saadia akashuka, akajitengeneza shuka kichwani, akaenda mpaka kwenye ua wa miba unaozunguka makaburi ya zamani. Alisimama nje ya ua, akatoa salamu, midomo ikitembea. Mutuma akapiga honi. Mama hakugeuka. Mutuma akaongeza jani lingine shavuni, akazima injini.

Aliporudi nilikuwa nimekwisha kukasirika. Nikamwuliza kutoka huko juu, "Mama, huyo aliyelala hapo ana haraka gani? Si ungemsalimia wakati wa kurudi?"

"Waryaa, wewe kijana ya redio!" akasema, mkono kiunoni. "Huyo ni babu yangu. Alipigana vita ya Mjerumani, akarudi, wakamwambia kaa hapa. Hapa hakukuwa mji. Kulikuwa karantini ya ng'ombe na mahema na fisi. Hiyo duka unanunua betri, nani alianza? Ni yeye na wenzake. Sasa mimi nimpite kama gunia?"

"Hakuna aliyesema umpite, Mama."

"Mimi nikisafiri nasimama hapa. Nikiacha, watoto yangu wataacha. Halafu hapa itakuwa mawe tu, na mtu ya serikali atasema mawe hii ni ya nani, na hakuna mtu atasema ni yetu."

Nilicheka. Nilimwona kama mama mwenye maneno mengi na sukari nyingi. Kama ningekuwa na masikio siku hiyo, nisingekuwa na haja ya kuendelea na safari. Funzo lote nilipewa nikiwa bado naona mnara wa msikiti.

Kizuizini tulikaa sana. Askari aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa Murang'a, mpole, lakini alipoiona redio kaseti mapajani mwangu alinitaka nishuke.

"Habari yako. Hii inarekodi?"

"Ndiyo, afande."

"Unaenda kurekodi nani?"

"Ng'ombe, afande. Yaani wimbo wa ng'ombe."

Akaniangalia kwa makini. "Ng'ombe ya huku inaimba?"

"Haiimbi. Inaimbiwa."

Aliita mwenzake aje asikie. Walicheka mpaka yule mwenzake akakalia jiwe. Kisha askari akanong'ona kama anaweza kujaribu mashine. Ningekataaje? Nikabonyeza, naye akasafisha koo na kumsalimia mkewe, akamwambia yuko salama, joto ni jingi, na mahindi yauzwe kabla hayajaingiwa na dumuzi. Alizungumza polepole kama mtu anayesoma. Mpaka leo kanda yangu inaanza na mahindi hayo, na mke wake hajapata salamu.

Kula Mawe

Gurudumu lilipasuka tukiwa tumeshakiona kijiji cha Kula Mawe kwa mbali. La akiba nalo lilikuwa halina upepo. Tukaingia kwa miguu, mbuzi dume akitangulia kama anayejua njia, na tukalala pale.

Mama wa hoteli alitupa nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka imekauka, kisha ikatunzwa ndani ya samli, pamoja na chapati na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Nilikula mpaka nikaona aibu. Ndiyo, nilikula nyama, yule aliyeuliza asiniulize tena. Halafu Mama Saadia akateleza ulimi kwamba mimi ni fundi, na kabla sijanawa mikono nilikuwa nimezungukwa na redio. Kila nyumba ya Kula Mawe ina redio moja iliyokufa. Moja ilikuwa na kiota cha nyigu ndani. Nilitengeneza niwezavyo asubuhi yote wakati Mutuma anahangaika na gurudumu, na watu wakanishukuru kwa baraka na kwa nyirinyiri zaidi. Nakiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa. Nilikuwa nawaza: hawa wana mila, mimi nina ufundi, na bila ufundi mila itapotelea mchangani.

Mutuma alikuja kukaa kivulini na mikono iliyojaa grisi.

"Sasa wewe, nielezee," akasema. "Kwetu Meru maji iko mtoni. Unachota, unaenda nyumbani. Nyinyi munaimbia ndoo?"

"Ni mambo ya zamani. Ndiyo maana nayarekodi, yasipotee."

"Na wewe utaimba?"

"Mimi nitashika mashine."

Mutuma alitafuna kidogo. "Basi ni kama kwenda harusi kupiga picha," akasema. "Picha yote unaleta, na wewe hauko hata kwa moja."

Nikamwambia atazame gurudumu lake.

Kinna, kwa shangazi

Kinna kuna maji ya mfereji, na macho yanashangaa kukuta mahindi na vitunguu baada ya vumbi lile. Shangazi Talaso, dada wa baba, alikuwa akinisubiri mlangoni kama vile lori halikuchelewa.

"Nagaa?"

"Nagaa, shangazi."

"Ndugu yangu nagaa? Miguu yake nagaa? Watu ya Isiolo nagaa? Mvua nagaa?" Aliniuliza amani ya kila kitu, hata ya mashine, na mimi nikajibu nagaa mpaka ulimi ukakauka, kwa sababu kwetu habari mbaya haina ruhusa ya kuingia kabla ya amani kumalizika.

Akanikaangia bun. Wasioijua, ni matunda ya kahawa yanayokaangwa mazima ndani ya samli mpaka yanapasuka, na ile samli yake inapakwa mwilini kwa baraka. Shangazi alichovya vidole, akanipaka nywele na paji la uso, akiomba dua. Samli ilianza kushuka kuelekea nyusi. Nikatoa kitambaa, nikajifuta.

Mkono wake ulibaki hewani. "Umefuta?"

"Inaingia machoni, shangazi."

"Haya," akasema. "Mji imekulea." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Jioni alinipeleka kuona mitamba wawili wa ng'ombe nyuma ya nyumba. Hao mitamba ni wa baba. Mimi sikuwa najua! Mzee yule wa mlangoni, anayekunywa chai bila sukari na kusema ni kwa ajili ya afya, alikuwa ametumia miaka kununua mitamba wawili kimyakimya na kuwaweka kwa dada yake. Walikuwa wa kijivu wote wawili, rangi ya jivu la asubuhi, rangi ambayo Waborana wanaiita dalecha.

"Hii rangi ametafuta sana," shangazi alisema. "Ameletewa mwekundu akakataa. Ameletewa mweupe akakataa. Anataka dalecha tu."

"Wazee wana mambo," nikasema.

Akanishika mkono. "Kesho mitamba wataenda kisima na ng'ombe ya majirani. Mimi sitafika pale mdomoni. Siku ya kunywesha, pale ni pa wanaume. Sasa nisikie, Wario. Ukiitwa, itika."

"Nitaamka mapema, shangazi, usijali."

Nilidhani anaogopa nitalala.

Kisimani

Mahali penyewe hapana kitu cha kuonyesha mtu. Ni uwanda, miiba, na lundo la udongo ambao mababu waliutoa ardhini. Ukikaribia ndiyo unaona mdomo wa kisima, na kando yake hori refu la udongo la kunyweshea ng'ombe, ambalo wanaume walikuwa wanalikandika upya kwa mikono. Kwa mbali, katika vivuli vya migunga, ng'ombe walikuwa wamesimama kundi kundi. Walikuwa na kiu, na hakuna aliyesogea.

Nilimsikia Mzee Jillo kabla ya kumwona. Alikuwa akimgombeza mtu kuhusu hori. Ni mzee mfupi, ana kifua kilichoingia ndani, na kila baada ya maneno machache anakohoa. Nilimsalimia, nikajitaja: Wario, mtoto wa Galgalo. Aliishika mikono yangu yote miwili na kunitazama usoni kama anayetafuta kitu alichokiacha.

"Galgalo amekutuma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Alhamdulillahi," akasema, na macho yake yakalowa. Kisha akaenda kwenye nafasi yake, karibu na hori, nami nikatafuta yangu. Nilichagua juu ya lile lundo la udongo, ambapo upepo hauvumi sana kwenye maikrofoni. Nikaweka betri mpya. Nikabonyeza.

Rafiki zangu, sitaweza kuwaeleza wimbo ule. Mzee aliyekuwa akikohoa hakuwepo tena. Alianza taratibu, peke yake, na kutoka ndani ya ardhi sauti za wanaume zikamjibu, na ndoo ya kwanza ikatokea, ikafuata ya pili, maji yakaanza kung'aa kwenye hori. Wimbo ulikuwa wa Kiborana cha kale, chenye maneno ambayo nyumbani hatuyatumii, na mimi nilikuwa nashika neno hapa na neno pale.

Kila baada ya muda aliinua mkono, na ndoo zikasimama. Akaita, "Watoto wa Boka!" Mwanamume mmoja kati ya waliosimama akajibu kwa nguvu, "Jirra!" maana yake tupo, akavua shati, akashuka kisimani kuchukua nafasi yake kwenye mstari. Wimbo ukaendelea, na kundi moja la ng'ombe likaachiwa kusogea. Akaita tena, jina jingine. "Jirra!" Mwingine akashuka. Mimi nilikuwa natazama sindano ya mashine ikicheza, nikasema moyoni, kiitikio hiki kimeingia vizuri sana.

Halafu akaita, "Watoto wa Dalecha!"

Hakuna aliyejibu.

Mzee Jillo alisubiri. Ndoo zilikuwa zimesimama, na kutoka ndani hapakutoka sauti. Wanaume waliokuwa juu waligeuka wote, wakanitazama mimi juu ya lundo langu. Nilidhani ndiyo kwanza wameiona mashine.

"Watoto wa Dalecha!"

Kijana mmoja mchungaji alifungua mdomo kama anayetaka kunisemesha, na mzee aliyekuwa jirani yake akamkamata mkono. Mimi nikashtuka, kwa kuwa neno moja la ovyo lingeharibu kanda yote. Nikaweka kidole mdomoni. Nikawaonyesha kwa jicho kwamba kanda inazunguka.

"Watoto wa Dalecha!"

"Shhh," nikawaambia.

Mzee Jillo akashusha mkono. Wimbo ukaanza tena, polepole zaidi, na akaita jina lililofuata, na mtu akaitika. Kutoka kwenye kivuli cha kwanza nikaona mitamba wawili wa kijivu wakiondolewa kwenye foleni na kupelekwa nyuma kabisa, nyuma ya mbuzi hata. Walikunywa mwisho, maji yakiwa matope. Nakumbuka niliwaonea huruma kidogo, nikawasifu kwa uvumilivu wao.

Kazi ilipokwisha, wanaume walikaa wakiwa wamelowa, wanacheka, wanapigana mabega. Mzee Jillo aliletewa kibuyu cha maziwa. Akakielekeza kwangu kabla ya mtu yeyote.

"Mgeni anywe kwanza," akasema.

Nikanywa. Nilijisikia nimeheshimiwa kupita kiasi. Wenyewe wote walingoja mpaka nimalize.

"Mzee, sauti yako ni kubwa bado," nilimwambia. "Mwaka ujao nitakuja na kanda mbili."

Alitikisa kichwa. "Mwaka ujao mimi sishiki tena. Kifua imekwisha. Nampa mtoto ya dada yangu. Nimemwambia, wewe ita wale waliitika kwangu. Yeye hajui wa zamani. Walioitika, wameitika." Akakohoa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mashine yako imeshika yote?"

"Yote, Mzee."

"Sawa," akasema. "Mpelekee Galgalo."

Kurudi Chechelesi

Kurudi kulikuwa kwepesi, na hilo ndilo linaloniudhi. Hakuna gurudumu lililopasuka. Askari wa Murang'a hakuwa zamu. Mvua ilinyesha nyuma yetu, ile mvua ya kwanza yenye kunukia udongo, na Mutuma akaimba. Mama Saadia alisimamisha lori makaburini, akamwambia babu yake kwamba amerudi salama, na mimi nikampungia mkono kutoka juu ya magunia.

Nilimkuta baba ameoga, amevaa kikoi safi na kofia ya Ijumaa. Ilikuwa baada ya alasiri. Niliweka mashine juu ya kigoda karibu na kitanda chake, nikamwambia asishtuke akisikia habari za mahindi. Alimsikiliza askari kwa adabu mpaka mwisho, hata akamjibu salamu.

Wimbo ulipoanza, baba alifumba macho. Mikono yake ikaanza kwenda, mmoja juu, mmoja chini, inapokea na kutoa. Aliwajua wote kwa sauti. Alikuwa ananong'ona majina yao. "Watoto wa Boka!" ikaita kanda. "Jirra!" Baba akatabasamu. "Huyo ni mtoto ya Huka. Sauti ni ya baba yake."

Nikamwona amejivuta, ameketi wima, ameshika ukingo wa kitanda.

"Watoto wa Dalecha!"

Baba akanigeukia, uso umejaa nuru, akisubiri. Alikuwa anasubiri sauti yangu. Hapo ndipo nilipoelewa, kabla hajasema lolote. Nilielewa mitamba, na samli niliyoifuta, na lile la ukiitwa itika, na maziwa ya mgeni, vyote pamoja, na nilitamani ardhi ya Chechelesi ipasuke.

"Watoto wa Dalecha!"

"Hiyo ni sisi, watu ya ng'ombe dalecha," baba akasema taratibu. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale, Baba."

"Watoto wa Dalecha!"

Kisha ikasikika, karibu na maikrofoni, safi kuliko kitu kingine chochote katika kanda ile: shhh.

"Nani huyo?" baba akauliza.

Nadhani alijua. Kwetu mtu hasukumwi kuitika, wala hadokezwi. Jina ambalo limeitikiwa kwa kudokezwa halihesabiki, na ndiyo maana yule mzee alimshika kijana mkono. Jillo aliita mara tatu, zaidi ya hapo haruhusiwi. Nilimwambia baba nitarudi kesho yake, nitashuka kisimani uchi kama ni lazima. Akasema mvua imekwisha kunyesha, ng'ombe watakunywa madimbwini, na majina hayataitwa kisimani mpaka kiangazi, na kiangazi Jillo hatashika. Alisema bila kunilaumu, kama anayemweleza mtoto kwa nini duka limefungwa. Mitamba wake watakunywa, hakuna Mborana atakayewanyima maji, lakini watakunywa kama wageni, nyuma ya ng'ombe wa wenye kisima, na ndama zao vilevile.

Najua mtasema mimi ni mtu wa mjini, ningejuaje. Msiniambie hivyo. Aibu yangu si kwamba sikujua. Kila mtu niliyekutana naye njiani alijaribu kunifungua masikio, hata Mmeru wa miraa, na mimi nilikuwa nimeyaazimisha mashine.

Sasa mnajua kwa nini redio kaseti haiko kibandani kwangu. Iko kando ya kitanda cha baba. Kila siku baada ya alasiri ananiita niiwashe, na nimejifunza kukaa naye mpaka mwisho. Anawasikiliza watoto wa Boka, anawasikiliza na wengine. Jillo akiita Dalecha mara ya kwanza, baba ananyamaza. Mara ya pili ananyamaza. Mara ya tatu anainua kichwa kutoka kwenye mto na kujibu kwa sauti yote aliyobaki nayo, mpaka majirani wanasikia: "Jirra!" Na mimi namfuata, "Jirra!"

Kanda haina masikio. Inasema shhh, halafu Jillo anaita jina linalofuata.